Albamu ya Arusi katika Nchi ya Shaba

Mahali Mto Lufira unapouacha uwanda wake mpana na kuporomoka kwa kina kinachopita mita 100, upande wa mashariki ya mji wa Likasi katika Katanga ya Juu, pana kijiji kiitwacho Mwadingusha, ambacho jina lake limeingia katika vitabu vya dunia kwa sababu ya maji yake na umeme wake, wala si kwa sababu ya watu wake. Wahandisi wanayo michoro ya bwawa lake, wachumi wanazo hesabu za nguvu yake, na wanajiolojia wanazo ramani za miamba yake. Lakini nyumba zilizojengwa kandokando ya mitambo hiyo zilikuwa nyumba za watu waliooa na kuolewa, waliozaa na kuzika, na habari za mambo hayo hazimo katika michoro wala katika hesabu. Zimo, kwa sehemu kubwa, katika vitabu vya picha vinavyowekwa ndani ya masanduku na makabati, na miongoni mwa vitabu hivyo kilicho bora ni albamu ya arusi. Nakusudia katika insha hii kuonyesha kwamba albamu hiyo, ambayo wengi huihesabu kuwa pambo la sebule, ni hati ya tarikhi yenye nasaba ndefu katika nchi hii, na kwamba inastahili kutunzwa kama hati nyingine zinavyotunzwa.

Ndoa haikupata kuwa siri ya watu wawili. Ni ahadi baina ya aila mbili, na ahadi ya namna hiyo haisimami bila ya kitu kinachoonekana ambacho mtu aweza kukinyoshea kidole siku ya mabishano. Katika Katanga ya kale shahidi huyo alikuwa shaba yenyewe. Wafua shaba wa nchi hii waliyachimba mawe ya kijani yenye madini wakati wa kiangazi, wakayayeyusha katika tanuri za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Na misalaba hiyo ikasafiri mbali na mahali ilipozaliwa, ikawa mali ya biashara na sehemu ya mahari. Lufira uliokwisha kupita Mwadingusha huteremka kaskazini hadi kukutana na Lualaba katika bonde la Upemba, na huko, kando ya Ziwa Kisale, ndiko yaliko makaburi ya Sanga, ambayo wanaakiolojia walianza kuyafukua mwaka 1957 wakakuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ilipungua ukubwa na kuzidi wingi, na wataalamu wamelifasiri jambo hilo kuwa ni dalili ya kitu kilichoanza kikiwa cha heshima, cha kutolewa katika mambo makubwa kama mahari, kisha kikashuka hadi kuwa fedha ya matumizi ya kila siku. Kwa hiyo shaba iliyokuja kuitoa Katanga katika giza la kutojulikana na kuiingiza katika tamaa ya mataifa, hapo mwanzo ilikuwa imekwisha kuwafunga watu kwa fungamano la ukwe.

Lakini msalaba wa shaba huthibitisha kwamba mahari ilitolewa, wala hauelezi ni nani aliyempa nani, na kwa ajili ya binti yupi. Kazi hiyo ya maelezo ilihitaji ala nyingine, na Waluba, majirani wa kaskazini ambao wengi wa watu wa Likasi hutoka kwao, walikuwa nayo. Chama chao cha wahifadhi wa tarikhi, kiitwacho Mbudye, kilitumia ubao mdogo uitwao lukasa, ambao mtu huushika kwa mkono wa kushoto huku kidole cha mkono wa kulia kikigusa shanga na misumari na nakshi zilizopangwa juu yake. Kila ushanga una mahali pake, na kila mahali pana habari yake: hapa mfalme, pale safari, hapa ukoo ulipogawanyika, pale pepo alipokaa. Ubao wenyewe haukuandikwa herufi hata moja, na mgeni aliyeuokota njiani asingejua lolote isipokuwa kwamba ni kazi ya mikono yenye maarifa. Ulinena pale tu aliposimama mbele yake mtu aliyefundishwa kuusoma. Namwomba msomaji aiweke habari hii moyoni, maana tutaihitaji mbele ya safari.

Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa chini ya Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyejenga ufalme wa Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya, na misafara iliyotoka pwani ya bahari ya Hindi na Angola ilifika kwake kutafuta shaba na pembe. Yeye naye aliijua vema thamani ya ndoa kama fungamano la siasa, kwani miongoni mwa wake zake alikuwamo Maria de Fonseca, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kireno wa upande wa Angola. Pamoja na misafara hiyo, na pamoja na watu wa Msiri mwenyewe, lugha ya Kiswahili ilipata njia ya kuingia Katanga, ikangojea enzi ya migodi ili ienee. Msiri aliuawa tarehe 20 Disemba 1891. Muda mfupi baadaye ukawasili msafara wa Bia na Francqui, ambao ndani yake alikuwamo mwanajiolojia Jules Cornet, aliyeipima miamba na kutoa habari za utajiri wake. Maporomoko ya Mwadingusha yakapewa jina la huyo Cornet, na stesheni ya umeme iliyojengwa hapo baadaye ikaitwa Francqui. Picha nazo zilifika katika zama hizo hizo: msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire, uliopita Katanga baina ya mwaka 1898 na 1900, ulikuwa na mpiga picha wake, François Michel. Watu wa nchi walisimama mbele ya chombo kile, sura zao zikachukuliwa na kupelekwa Ulaya, wala hazikurudi kwao. Tuijue tofauti hii tangu awali: picha za kwanza za Katanga zilipigwa kwa ajili ya wasiokuwamo ndani yake.

Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kadiri tanuri zake zilivyoongezeka ndivyo ilivyohitaji nguvu kubwa zaidi. Kazi ya kuufunga Lufira ilianza katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha ikaanza kutoa umeme, wakati kiwanda cha Shituru huko Likasi, kilichosafisha shaba kwa nguvu ya umeme, kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja kabla yake. Nyuma ya bwawa maji yalitanda yakawa ziwa, Tshangalele, ambalo samaki wake wanalisha masoko ya Likasi hata leo. Mji wenyewe ulikuwa ukiitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, ukaendelea kuitwa hivyo hadi mwaka 1966.

Mikono iliyofanya kazi hizo ilitoka kila upande: Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi, na ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini. Hapo kwanza kampani iliwataka wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na wanaume hao walikufa kwa maradhi, walitoroka, na walirudi kwao mara tu muda ulipokwisha. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 ikabadili shauri: ikaandika mikataba ya miaka mitatu, ikawataka wafanyakazi wakae na wake zao, ikajenga nyumba za familia, shule na nyumba za uzazi, na ikafika hata kuwakopesha vijana mahari ili waoe. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa siasa hiyo. Haikuwa sadaka. Mtu mwenye mke hatoroki upesi, na mtoto aliyezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Lakini yaliyotokana nayo yalizidi makusudio ya walioitunga, kwani ndiyo iliyozalisha watu wapya wanaojiita Bana Shaba, watoto wa shaba, ambao baba zao walitoka makabila mbalimbali na lugha yao ya nyumbani ikawa Kiswahili, watu waliozoea kusema kwamba kampani ndiyo baba na ndiyo mama.

Na baba huyu aliweka daftari. Posho ya kila juma, yaani unga, nyama au samaki, chumvi na mafuta, ilipimwa kwa kuhesabu waliomo nyumbani, hivi kwamba mke aliyetambuliwa na kampani alikuwa na fungu lake na kila mtoto alikuwa na lake, na mke asiyetambuliwa hakuwa na kitu. Kwa hiyo swali la kale, kwamba ndoa yathibitishwa na nini, lilipata jibu jipya katika kambi za Katanga: yathibitishwa na karatasi iliyomo ofisini. Serikali nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Dekreti ya 5 Julai 1948 iliweka ulinzi wa sheria kwa ndoa ya mke mmoja iliyoandikishwa, na dekreti ya 4 Aprili 1950 ikakataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Ndani ya mafaili hayo mwanamume alikuwa na nambari yake, mkewe aliandikwa chini ya nambari hiyo, na watoto wakafuata chini ya mama. Mjomba aliyeleta shauri, shangazi aliyemfunda biarusi, wazee waliotembea siku nyingi kutoka Kasai kuja kuipokea mahari, hao hawakuhitajiwa na ofisi, basi hawakuandikwa.

Hapa ndipo albamu ya arusi ilipopata kazi yake. Katika nchi za Ulaya desturi ya kukusanya picha za jamaa katika kitabu ilienea baada ya mwaka 1854, Mfaransa Disdéri alipopata haki ya picha ndogo za kadi zilizopigwa kadhaa kwa mkupuo mmoja na kuuzwa kwa bei nafuu. Na huko Marekani shauku ya kubandika kumbukumbu vitabuni ilikuwa kubwa hata mwandishi Mark Twain akapata mwaka 1873 hataza ya kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Katika pwani ya Waswahili Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na huko Lamu, katika miaka ya 1960, Omar Said Bakor alisifika kwa ufundi wa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja ya ajabu. Pwani, hata hivyo, sitara ya mwanamke iliiwekea picha ya arusi mipaka, na biarusi aliyepambwa kwa ajili ya mumewe na wanawake wenzake hakuwa wa kuonyeshwa kila aingiaye. Katika kambi za Katanga, ambako Wabenediktini chini ya Askofu de Hemptinne walikuwa wameshika makanisa na shule, mambo yalikuwa kinyume: arusi ilitoka kanisani mchana, mbele ya watu wote, na kuonekana kwake kulikuwa sehemu ya maana yake.

Tuitazame albamu ya miaka ya 1950 jinsi ilivyotengenezwa. Jalada lake ni la karatasi nene iliyofunikwa kitambaa au ngozi ya kuiga, na kurasa zake nyeusi zimetobolewa matundu mawili ubavuni na kufungwa kwa kamba ya hariri yenye vishada. Baina ya kurasa mmewekwa karatasi nyembamba inayopitisha nuru, ili picha zisikwaruzane. Picha zenyewe ni ndogo, nyeusi na nyeupe, zina ukingo mweupe uliokatwa meno meno, na hazikupakwa gundi, bali kila pembe imechomekwa katika kipembe cha karatasi kilichobandikwa ukurasani, hata picha iweze kutolewa na kugeuzwa na kusomwa mgongoni. Filamu iliyotumiwa aghalabu ilikuwa ya kukunjwa, yenye nafasi 12 za picha za mraba au 8 za picha ndefu, na mpiga picha aliyelipia kila filamu kwa fedha yake hakuwa na ruhusa ya kuchezea nafasi hata moja. Ndiyo sababu watu wa picha hizo wamesimama kwa adhama ile: kila mtu amekwisha kuambiwa mahali pake, mikono imetulia, macho yameelekea mbele, pumzi imezuiwa. Vijana wa leo hudhani kwamba wazee walikuwa wakavu siku ya furaha yao. La, walikuwa wanashuhudia, na mtu hashuhudii huku akitikisika.

Mpangilio wa watu katika picha hizo ni elimu peke yake. Katikati wapo bwana na biarusi; upande mmoja amesimama msimamizi wa bwana na upande wa pili msimamizi wa biarusi, ambao kwa kawaida ni mume na mke waliokwisha kuishi vema katika ndoa yao. Nyuma wamejipanga jamaa, na mtu ajuaye desturi aweza kutambua kwa nafasi tu ni nani aliyeipokea mahari. Vazi la biarusi huenda lilishonwa kwa cherehani, kwa kuwa katika nyumba za mafunzo ya wanawake kampani iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, na cherehani pamoja na baiskeli zilikuwa mali zilizotamaniwa mno. Na si picha tu zilizowekwa. Kadi ya mwaliko iliyopigwa chapa, utepe wa shada, kipande cha kitambaa cha vazi, ua lililokaushwa baina ya kurasa, na ile karatasi iliyokunjwa ambayo wazee waliandika hesabu ya mahari, fedha kiasi gani, mablanketi mangapi, jembe, mbuzi, na vitenge vya mama wa biarusi, vyote hivyo vilipata makao. Mahari iliyokuwa ikithibitishwa kwa msalaba wa shaba sasa yathibitishwa kwa orodha iliyotiwa saini, na orodha hiyo imewekwa ubavuni mwa sura za walioishuhudia. Faili la kampani lilimhesabu mke kwa ajili ya unga. Albamu iliwaeleza walimwengu kwamba huyu ni binti wa fulani, ameozwa kwa heshima, mbele ya hawa.

Kampani yenyewe haikuwa haijui nguvu ya picha. Gazeti lake, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957, lilijaa picha za wafanyakazi na jamaa zao, bustani zao na watoto wao wenye afya. Lakini picha za gazeti zilichaguliwa na mhariri kwa makusudi ya kampani, na picha za albamu zilichaguliwa na mwenye nyumba kwa makusudi ya nyumba. Wala sisemi kwamba albamu husema yote. Mgomo wa Disemba 1941, ambao katika Lubumbashi na Likasi ulilipiwa kwa damu ya wafanyakazi, haumo ndani yake. Madeni hayamo, wala magomvi, wala mtoto aliyefariki. Albamu ya arusi ni ushahidi wa siku moja iliyochaguliwa. Hata hivyo, kila ushahidi una mipaka yake, na daftari la posho nalo lina yake.

Baada ya uhuru albamu hizo zikaanza kubeba alama za siasa bila ya wenyewe kukusudia. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga. Septemba 1961 kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa Jadotville hadi kikajisalimisha. Na Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakauvuka Lufira na kuingia mjini. Mwaka 1967 kampani ikatwaliwa na dola, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Kwa hiyo aliye na jicho aweza kukisia tarehe ya arusi hata kama haikuandikwa. Bwana arusi mwenye suti na tai, ambaye kadi yake yamtaja kwa jina la mtakatifu, aliingia kanisani kabla ya agizo hilo. Yule mwenye abakosti, koti lililochukua nafasi ya suti na tai, iliyofungwa vifungo hadi shingoni, ambaye kadi yake ina majina ya mababu peke yake, alioa katika enzi ya Rais Mobutu. Na tai ikirudi shingoni tumekwisha kufika miaka ya 1990, siasa ile ilipolegea. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987 ikathibitisha katika sheria ya nchi yale ambayo watu hawakuyaacha kamwe, yaani kwamba mahari ni sharti la ndoa, na ikataka ndoa iliyofungwa katika aila iandikishwe kwa msajili. Ndipo albamu zikapata milango mitatu ambayo zinayo hata sasa: kwanza mahari, watu wakiwa wamevaa vitenge nyumbani kwa wazazi wa biarusi, kisha ofisi, mkono ukiwa umeinuliwa mbele ya bendera, kisha kanisa na karamu.

Lakini miaka hiyo hiyo ilileta maangamizi. Katika mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Likasi na baba zao walizaliwa Likasi, walifukuzwa majumbani mwao, wakalala kwa maelfu katika stesheni ya reli wakingojea magari ya moshi yaliyokawia majuma na miezi. Nyumba zikaporwa na nyingine zikachomwa. Aliyefukuzwa hachukui kabati. Huchukua mtoto, sufuria na blanketi, na akiwa na nafasi ya kitu kimoja zaidi ndipo ijulikanapo thamani ya kila alichokiacha. Uchumi nao ukaporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa karibu tani 50,000 tu mwaka 1993, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanatarikhi Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliwaandikia kitabu Bana Shaba walioachwa na baba yao. Na msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa mwaka 2006 kazi iitwayo Mémoire, ambamo alizitoa katika hifadhi za kampani picha za kale za wafanyakazi, akazisimamisha juu ya picha mpya za viwanda vilivyokufa. Anayezitazama huguswa na jambo moja kabla ya mengine yote: watu wale hawana majina. Kampani iliyohesabu kila kilo ya unga iliziacha sura zao bila ya kusema ni za nani.

Baba alipoanguka, basi, kilichobaki kusimulia habari za aila ni kile ambacho aila zilijiandikia zenyewe. Na hapa ndipo ninapourudisha ule ubao wa Waluba. Albamu yetu ina uwezo wa lukasa na ina udhaifu wa lukasa: mama mzee akiifungua mbele ya wajukuu na kuweka kidole juu ya sura hii na ile, ukoo mzima huamka, na mtoto hujua kwamba yule mwenye kofia ndiye mjomba aliyemleta baba kutoka Kabinda, na yule aliyepiga magoti ndiye shangazi ambaye jina lake amepewa dada. Mama huyo akiondoka duniani kabla ya kuandikwa maneno yake, picha zote zipo na hakuna kinachojulikana. Mbudye walilijua jambo hilo, ndiyo maana walifundisha wasomaji kwa miaka mingi kabla ya kuwakabidhi ubao. Sisi tumewakabidhi watoto ubao bila ya kuwafundisha kuusoma.

Hatari hiyo imezidi katika siku zetu, ijapokuwa picha zimeongezeka. Mwaka 2021 mitambo sita ya Mwadingusha, iliyokuwa imechakaa, ilikamilika kufanyiwa ukarabati kwa gharama ya wachimbaji wapya wa shaba, ikapata uwezo wa megawati 78. Na kwa umeme wa nchi hii vijana huchaji simu ambazo ndani yake arusi moja ina picha mia kadhaa, zisizo na mpangilio, zisizo na jina, zikipotea siku simu inapovunjika au kuibwa. Mpiga picha wa zamani aliyekuwa na nafasi 12 alilazimika kumwuliza baba wa biarusi ni nani wasiopasa kukosekana. Asiye na kikomo haulizi.

Kwa hiyo wale walio na albamu za wazee wao, Mwadingusha, Likasi, na kila mahali ambako Bana Shaba wametawanyika, wafanye kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Picha nyeusi na nyeupe, zilizofanywa kwa madini ya fedha na kuoshwa vema, hudumu kuliko za rangi za miaka ya 1970 na 1980, ambazo rangi zake hufifia na kugeuka kuwa nyekundu. Basi za rangi ndizo zitangulie kunakiliwa. Zile kurasa za kunata zenye ngozi ya plastiki, zilizosifiwa sana zamani, gundi yake huwa manjano na kuila picha, na picha zilizomo zihamishwe taratibu kwenye karatasi za kawaida. Albamu isiwekwe sakafuni wala kugusana na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa masika ya Novemba hadi Aprili. Nyuma ya kila picha, kwa penseli laini wala si kwa kalamu ya wino, yaandikwe majina ya wote kuanzia kushoto, kijiji cha kila mmoja, uhusiano wake na maarusi, mahali na mwaka. Na wazee waulizwe sasa, wakiwa wameketi na albamu magotini, mmoja akisema na mwingine akiandika. Anayeoa leo naye achague picha chache katika zile mia kadhaa, azisafishe katika karatasi, aibandike karibu nazo orodha ya mahari na majina ya walioishuhudia.

Kazi hii ni ya haki kabla haijawa ya mapenzi. Watu waliolijenga bwawa la Lufira na kuziendesha tanuri za Likasi waliingia katika hifadhi za dunia kama nambari, na hakuna mwanatarikhi, hata awe hodari namna gani, atakayeweza kuwarudishia majina yao kutoka katika daftari ambalo halikuyaandika. Majina hayo wanayo watoto na wajukuu wao, na albamu ya arusi ndipo mahali pamoja ambapo sura na jina, ukoo na ahadi, vinaweza kukaa katika ukurasa mmoja, vikasomwa na yeyote atakayezaliwa baadaye bila ya kuhitaji idhini ya ofisi yoyote.